Naombeni ushauri, mabinti wa Selofehadi wananitoa jasho
Wakuu habari zenu, Jumamosi nimepewa niongee na kinamama wa jumuiya yetu kuhusu hadhi ya mwanamke enzi za kale, nikachagua kitabu cha Hesabu kwenye Biblia, sura ya 27, wale dada watano Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, baba yao Selofehadi kafa hana mtoto wa kiume, wakaenda kusimama mlangoni pa hema mbele ya Musa na wakuu wote wakadai urithi wakapewa. Hapo niko freshi kabisa. Shida ni sura ya 36, wazee wa ukoo wanarudi wanasema hawa wakiolewa nje ardhi itahamia kabila lingine, basi wanaambiwa waolewe na wamtakaye ila ndani ya kabila la baba yao, wakaishia kuolewa na watoto wa baba zao wadogo na wakubwa. Yaani shamba umepewa ila mume usivuke mpaka! Wakati huohuo Misri ya kale mwanamke alimiliki shamba, akauza mwenyewe, hata kuachana na mume aliweza. Sasa niishie 27 au niisome na 36? Na Misri nikiitaja si nitaambiwa nasifia wapagani? Mliowahi kufundisha hii nisaidieni, kuna mama mmoja wa benchi la mbele huwa haachi swali lipite.