Nimepigwa na dada wa kilo 50 kwenye shindano la kula chapati, wataalamu nipeni siri

Kilo108

Wakuu habari za wikiendi, naombeni kwanza msicheke. Jumamosi iliyopita ofisini tulikuwa na bonanza, mambo ya kawaida tu, kuvuta kamba, kukimbia na gunia, kufukuza kuku, ila safari hii wakaongeza shindano la kula chapati, dakika 10, anayekula nyingi anaondoka na mchele kilo 25 na mafuta lita 5. Sasa mimi ni mtu wa kilo 108, starehe yangu kila mwisho wa mwezi ni bufee, wenzangu wanaenda mpirani mimi naenda kula, kwahiyo jina langu niliandikisha la kwanza na ule mchele nilishaupangia matumizi kabisa, nikamwambia hadi mama watoto asinunue.

Nikajiandaa, Ijumaa usiku sijala, asubuhi sijagusa hata chai, nimefika pale na njaa ya fisi. Mezani kila mtu kapewa rundo la chapati na soda ya baridi. Pembeni yangu kakaa dada mmoja wa uhasibu, mwembamba, mkimya, hata canteen huwa anabeba kibakuli chake kidogo cha kutoka nyumbani. Yeye akaomba soda yake itolewe aletewe chai ya rangi, ya vuguvugu, bila sukari. Tukamcheka. Filimbi ikalia.

Chapati tatu za kwanza niko mbele ya wote watu wananishangilia, ya tano taya zikaanza kuuma, ya saba soda inataka kutokea puani, ya nane nikabaki nimeishika naiangalia kama barua ya kufukuzwa kazi. Yule dada hatafuni kama sisi, anachana chapati vipande virefu, anachovya kwenye kikombe, anasukuma, macho yako kwenye saa ya refa. Kamaliza na 13. Kafuta mikono na leso, kaita bodaboda apakie mchele wake.

Swali langu, inawezekanaje? Na kuna mazoezi gani maana Desemba kuna bonanza lingine, jina jipya ninaloitwa ofisini siwezi kuliandika hapa.

MzeeWaBuza

Mkuu kitambi sio stoo ya kuweka chakula, ni ushahidi wa chakula kilichokwisha liwa zamani 😂😂

Mbongo_Brooklyn

Kilo108 usijisikie vibaya, haya yameshawakuta wakubwa. Mimi niko New York mwaka wa tisa na huku hii kitu ni mchezo kamili una mikanda na mikataba. Kila tarehe 4 Julai watu wanajazana Coney Island, kule mwisho kabisa wa treni, kona ya Surf na Stillwell, Nathan's, wale wauza hotidogi, wanaweka meza ndefu jukwaani watu wanakula hotidogi na mkate wake kwa dakika 10, TV ya michezo ya ESPN wanarusha laivu, mshindi anavishwa mkanda wa rangi ya haradali na dola 10,000.

Zamani mabonge haswa, watu wa mwili wako, walikuwa wanashinda pia, rekodi ilikuwa imekwama kwenye 25 na ushee kwa dakika 12 za wakati ule. Mwaka 2001 akaja kijana wa Kijapani anaitwa Takeru Kobayashi, mwembamba, kilo kama 60 hivi, watu wakamuona kama ulivyomuona wewe dada yako wa uhasibu. Akala 50. Hamsini mkuu, mara mbili ya rekodi, mpaka vibao vya namba vya waandaaji vikaisha ikabidi waandike kwa mkono. Na siri yake ilikuwa hiyohiyo, wenzake walikuwa wanakula hotidogi kama mtu anavyokula akiwa na njaa, yeye aliikata soseji katikati anaingiza vipande vyote viwili kwa pamoja, mkate anauchovya kwenye maji anaukamua anaumeza peke yake. Yaani aliacha kuuliza nitakulaje nyingi, akauliza hiki chakula kinachelewa wapi. Kinachelewa mdomoni. Mkate mkavu unakausha mate, bila mate humezi, unatafuna tu kama mbuzi. Chapati ni hivyohivyo, tena yenyewe ina mafuta inateleza ikilowa, huyo dada sijui kajifunzia wapi ila ni fundi.

Kobayashi alichukua miaka sita mfululizo mpaka 2007 Joey Chestnut akamtoa, 66 kwa 63. Huyu Chestnut ndio mwenye rekodi mpaka leo, 76 mwaka 2021. Mwaka 2024 hakuruhusiwa kushindana sababu alisaini mkataba na kampuni ya nyama za mimea, 2025 akarudi akala 70 na nusu akavaa mkanda wake kama vile hakuna kilichotokea. Wanawake wana mashindano yao pale tangu 2011, wa kwanza kushinda alikuwa Sonya Thomas, 40, na yule mama ana kilo 45 tu! Sasa hivi ni Miki Sudo, 2024 alifika 51.

Kuhusu wembamba, wapo wanaosema mafuta ya tumboni yanabana, mfuko wa chakula unakosa nafasi ya kutanuka. Ni dhana tu ila ukiangalia majina hapo juu utajijibu.

Nilishaenda kuangalia mara moja, nikasimama karibu kabisa na jukwaa, na kwenye TV huwezi kuona hili, dakika ya sita pale mezani hapatazamiki, makombo ya mkate uliolowa yanaruka hadi kwenye nguo za majaji, watu wanarukaruka ili chakula kishuke, jua la Julai linawaka na harufu ya mkate uliolowa. Ukitapika umetolewa, wao wanaita kugeukwa na bahati. Nilinunua hotidogi moja nikaishia nusu.

Simba_wa_Tabata

Mazoezi yake ni maji. Asubuhi kunywa lita 4 kwa mpigo kabla ya kitu chochote, kila siku unaongeza nusu lita, tumbo linanyooka lenyewe, Desemba utakula hadi sahani.

nesi_wa_zamu

Simba_wa_Tabata naomba ufute hiyo ndugu yangu kabla mtu hajaijaribu. Maji mengi kwa mpigo yanashusha chumvi kwenye damu, ubongo unavimba, mtu anaanza kuongea ovyo, degedege, anakufa, na wala sio hadithi. Mwaka 2007 kule Sacramento Marekani redio moja iliweka shindano la kunywa maji bila kwenda chooni, mama mmoja alifariki siku hiyohiyo, zawadi yenyewe ilikuwa mashine ya gemu.

Kilo108 swali lako la inawezekanaje lina jibu. Mwaka huohuo 2007 madaktari wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichukua watu wawili, mmoja mshindani wa kula na mwingine mtu wa kawaida tu mwenye hamu nzuri, wakawalisha hotidogi huku wanawaangalia kwa eksirei. Yule wa kawaida alisimama kwenye ya 7 akasema nikiongeza moja natapika, ukiangalia mfuko wake wa chakula hata haujatanuka sana. Mshindani alikula 36 ndani ya dakika 10 mpaka madaktari wenyewe wakamsimamisha, na mfuko wake ulikuwa umetanuka umechukua sehemu kubwa ya tumbo, hausukumi chakula, hausagi, umelegea kama mfuko wa rambo, na hasikii shibe.

Kwahiyo wewe ulivyosimama kwenye ya nane mwili wako ulifanya kazi yake vizuri tu, breki zako zinashika. Hawa wamezizoesha breki zisishike. Na wale madaktari waliandika wazi wasiwasi wao, kwamba baadae mfuko unaweza ukagoma kurudi, mtu anabaki na kichefuchefu na kutapika, wengine wanaishia kukatwa huo mfuko. Kobayashi mwenyewe miaka ya karibuni amesema hasikii tena njaa. Mtu hasikii njaa jamani, fikiria.

Ila kwenye bonanza mimi hofu yangu ni ndogo zaidi na ya karibu zaidi, kusakamwa. Chapati kavu, mtu anacheka, wenzake wanashangilia, tonge linakaa kooni. Wenzetu huko hawaanzi bila watu wa huduma ya kwanza, chini ya miaka 18 hashiriki, na shirika lao linakataza kabisa kufanya mazoezi nyumbani. Pale kwenu alikuwepo nani, refa na filimbi? Mtu akikwama hawezi kuongea wala kukohoa mwinamishe umpige katikati ya mabega kwa kiganja mara tano, haikutoka simama nyuma yake ubane juu ya kitovu kwenda ndani na juu mara tano, unarudia. Msimpe maji.

Na ile kufunga tangu Ijumaa ilikumaliza mwenyewe, halafu ukaongezea gesi ya soda.

Kilo108

Nesi nimekuelewa dada yangu, maji nimeachana nayo, nilikuwa nimeshajaza ndoo 😅. Basi kama mashindano sio fani yangu nibaki na bufee, huko hakuna filimbi. Ila napo kila nikilipa najiona nimepigwa, sahani mbili nimeshajaa, wenye hoteli wanafanyaje?

Mdigo_wa_Deira

Hapo nijibu mie, niko jikoni Dubai mwaka wa saba, bufee ndio kazi yangu. Kaka yangu wallahi usituonee choyo, hesabu yenu twaijua kabla hamjaegesha gari. Kitu cha kwanza utakachokutana nacho mlangoni ni mikate, supu, saladi na wali, vimepangwa vizuri vyanukia na wewe una njaa, wajaza sahani. Sahani yenyewe ndogo. Kamba wale wakubwa na nyama ya kuchoma viko mwisho kabisa, na pale tumemuweka mtu mwenye kisu, akukatia kipande kimoja kisha akutazama usoni, watu wengi waona haya kusema ongeza. Kamba twawaacha na maganda makusudi, ukae uwambue. Vinywaji bei yake mbali, na ukila vya chumvi utaagiza tu.

Dawa yake zunguka meza nzima mara moja bila sahani. Watu wakuone mshamba, sawa. Kisha anza na kile ambacho nyumbani hupiki, chukua kidogo kidogo, wali uache, wali si utaukuta kwako? Soda usiguse. Na usije umefunga tangu jana, kula kitu chepesi asubuhi.

Huku mchezo huu mkubwa ni brunch, chakula cha asubuhi na cha mchana kwa pamoja, zamani ilikuwa Ijumaa, tangu 2022 wikiendi ilipohamishwa nyingi zimehamia Jumamosi, watu waja saa saba watoka saa kumi. Wapo wateja wangu wa kila wiki, mmoja mzee wa Kihindi mwembamba kama fimbo ya bakora, ala samaki tu, taratibu, sahani sita saba, hajawahi kubakisha hata mwiba wenye nyama. Huyo ndiye ajuae kula. Kinachoniuma ni futari za Ramadhani, mtu kafunga kutwa yuajaza sahani nne macho yakiwa na njaa, ala moja. Zile tatu namwaga mie saa tano usiku, na mamangu Lungalunga yuajua bei ya unga.

buda_wa_langata

Wasee wa Bongo mkikuja Nairobi mnipigie tuwapeleke Carnivore hapa Langata Road, iko tangu 1980 na hiyo ndio all you can eat ya ukweli manze. Ukiingia unapita shimo kubwa la makaa, nyama zimedungwa kwa panga za Kimasai, waiter anakuja na upanga mzima anakukatia hapo kwa sahani, ng'ombe, kondoo, mbuni, hadi mamba. Kwa meza kuna kabendera keupe, kakiwa kamesimama nyama haiachi kukuja, hakuna kuuliza. Ukishindwa unakalaza chini, umesurrender.

Mimi tulienda birthday ya beste yangu, tukaapa hakuna mtu atagusa hiyo bendera. Saa nzima imeisha kila mtu anaangalia bendera hakuna anaongea, jasho inatoka, waiter anakuja na mbavu anasmile. Mwenye alilaza ni shosho, yaani nyanya yake huyo beste, alikuwa amekula vipande vitatu pekee, akasema nyinyi watoto ni wajinga na akaomba chai.

MzeeWaBuza

Shosho apewe mkanda wa haradali 😂

Kilo108

Narudisha mrejesho wakuu. Leo nimempa heshima yake yule dada, nimemnunulia chai canteen nikamuuliza amejifunzia wapi, nikijua atasema YouTube. Kacheka. Anasema kwao walizaliwa tisa, yeye wa saba, wanakula sinia moja, ugali mbele na bakuli moja la dagaa, wakubwa wana matonge kama ngumi. Ukipiga stori unakuta ukoko. Ukisubiri upoe umelala njaa. Kwahiyo alijifunza kuchovya kwenye mchuzi ule ugali wa moto ili upoe na ushuke haraka, ndio kachukua ujuzi uleule kaleta kwenye chapati. Hotidogi za Coney Island nilivyomuonyesha kwenye simu kaangalia kama nusu dakika akasema mbona wanachezea chakula.

Mchele anasema kampelekea mama yake. Desemba hashiriki, anasema siku ile alilala kwa kukaa mpaka asubuhi, tumbo liligoma kushuka. Mimi nimeandikisha jina kuvuta kamba, nakaa nyuma kabisa pale mwisho, nimefungwa kamba kiunoni.