Kukodi ndege ndogo Dar - Mafia kwa harusi, hesabu inalipa au tunajifurahisha tu?

mjukuu_wa_bibi

Wakuu habari za saa hizi. Naombeni msaada wa mawazo, ila matusi wekeni pembeni kidogo maana najua kichwa cha uzi kinaudhi.

Iko hivi, kaka yangu anaoa Mafia, pale pale Kilindoni, Jumamosi moja ya mwezi wa sita. Sisi upande wa bwana harusi tuko Dar karibu wote, Mbagala na Kigamboni. Wanaotakiwa kwenda lazima ni kama watu 12, yani bibi (ana miaka 78 na magoti yake mnayajua ya wazee), baba, baba wadogo wawili, mashangazi watatu, mimi na wengine. Tatizo ni kwamba nusu ya hao Jumapili asubuhi wanatakiwa wawe Dar, kuna mtu wa zamu hospitali na kuna wenye duka, na bibi boti hapandi, alishasema mwezi wa sita bahari ya kusi yeye hapana, mwaka fulani alitapika kutoka Nyamisati mpaka Kilindoni na mpaka leo akihadithia anashika tumbo.

Sasa binamu yangu mmoja kaja na wazo kwenye grupu la familia kwamba tukodi ndege nzima, tuondoke asubuhi, ndoa ifungwe baada ya adhuhuri, tule, turudi kabla ya magharibi. Grupu limegawanyika. Baba mdogo kasema huo ni ulimbukeni, tunataka watu waseme. Mashangazi wameshaanza kuulizana wavae nini.

Nachotaka kujua: bei ya kukodi inapangwaje? Ni kwa kichwa au kwa ndege? Na kuna vitu gani vya kujificha ambavyo mtu unakuja kuvijua ukishalipa? Mimi ndege nimepanda mara mbili maishani na zote Mwanza, kwahiyo niongeeni na mimi taratibu.

Kibosile_Mtarajiwa

Pandeni boti kama watu wengine. Ndege kwa kwenda kula pilau?

mama_Zuu

Kibosile wewe bibi yako yuko wapi? Acha hizo. Mtoa mada endelea kusubiri watu wenye kujua watakuja.

Opsi_Mstaafu

Nimekaa opsi, yani ofisi ya kupanga safari za ndege, Terminal 1 pale JNIA, uwanja wa ndege wa Dar, miaka sita, kazi yangu ilikuwa hiyo hiyo ya kupanga chata, yani ndege zinazokodiwa nzima, kwahiyo ngoja nikueleze kama ningekueleza dirishani.

La kwanza uondoe kichwani neno tiketi. Ukikodi unanunua saa za ndege, viti havihusiki. Ndege ikiruka na wewe peke yako au mkiwa 12 bei ni ile ile, ndio maana mtu mmoja akikodi anaonekana kichaa na watu 12 wakikodi inaanza kuleta maana. Na saa zinahesabiwa toka ndege inapoondoka nyumbani kwake mpaka inaporudi nyumbani kwake, iwe na watu au tupu. Hapo ndipo wengi wanapolia. Mtu anasema mimi naenda tu, kurudi ntajua mwenyewe, sawa, ila ndege inabidi irudi, na mafuta ya kurudi hayalipwi na malaika.

Kwa safari yenu ndege itakayokuja ni Cessna Caravan, ile ya injini moja yenye mabawa juu, viti vya abiria 12 mpaka 13. Dar - Mafia ni nusu saa na dakika chache. Sasa una njia mbili. Ya kwanza ndege iwashushe, irudi Dar tupu, jioni ije tena tupu iwachukue. Hiyo ni miguu minne, yani kuruka mara nne, chukulia dakika 35 kila mmoja inakuja saa mbili na dakika 20. Ya pili ndege iwasubiri Kilindoni kutwa nzima. Hapo imeruka saa moja na dakika 10 tu, lakini usishangilie, maana kampuni itakwambia ndege yetu imekaa chini ya mwembe siku nzima wakati ingeruka Zanzibar mara tano, kwahiyo kuna kima cha chini cha saa kwa siku, tuseme saa mbili, utazilipia hata kama hujazitumia. Kuna wanaoweka na pesa ya kusubiri juu yake, kuna wasioweka. Waambie wakuandikie njia zote mbili kwenye kotesheni moja, ulinganishe.

Namba nitakazoweka ni za kujifunzia tu sio bei ya mtu. Chukulia saa moja ni milioni 3. Kwa kusubiri, saa mbili za kima cha chini ni milioni 6. Kwa kwenda na kurudi mara mbili ni milioni 7. Milioni 6 ukigawa kwa 12 ni laki 5 kila mtu. Sasa wakiahirisha watu watano dakika ya mwisho, na kwenye harusi zetu wataahirisha, mnabaki 7 na kila mmoja ni laki 8 na nusu na ushee. Kwahiyo kabla hujamsumbua opereta wowote, kusanya hela za watu mkononi. Mtu akisema "niwekeni" bila kutuma hela, huyo hayupo.

Juu ya hapo uliza kama bei ina VAT, ada za kutua, ushuru wa abiria wa viwanja vyote viwili, na posho ya marubani kama mtalala. Na uliza mkiahirisha siku tatu kabla mnarudishiwa ngapi, na mvua ikikataa je.

Ya uzito ntarudi nayo jioni maana ndio inayoharibu harusi za watu.

Mswahili_wa_Wilson

Salamu kutoka Nairobi. Huyo wa opsi amesema ukweli mtupu, mimi nililipa ada ya shule kwa hilo la kurudi tupu. Tulikuwa watano tunaenda Lamu, tukachata kutoka Wilson, uwanja wa ndege ndogo wa Nairobi, mpaka Manda, uwanja wa Lamu, saa moja na nusu hivi, tukajiona wajanja kwamba tutachukua one way halafu kurudi tupande ndege ya kawaida. Invoisi kuja naona saa tatu. Napiga simu nauliza mbona, naambiwa boss hiyo ndege unataka tuiache Manda iolewe huko?

Lakini kuna upande mwingine wa shilingi hiyo. Kama ndege inarudi tupu kutoka kwa mtu mwingine aliyeilipia, unaweza kuidandia kwa bei ya chini sana. Msimu wa watalii, kuanzia mwezi wa saba hivi, ndege zinapeleka watu mbugani zinarudi tupu kila siku. Shida ni kwamba huchagui siku wala saa, na yule wa kwanza akibadilisha mpango na wewe umeachwa. Kwa harusi siwezi nikakushauri hiyo, kadi imeshachapishwa.

Pili, na hii ni serious, kuna watu watakuletea bei tamu kupitia WhatsApp, "nina rafiki ana ndege". Ndege ya mtu binafsi isiyo na ruhusa ya kubeba abiria kwa malipo usiguse. Kampuni ya kweli ina cheti cha AOC, yani kibali cha kubeba abiria kwa malipo, kutoka mamlaka ya anga, huko kwenu TCAA, huku kwetu KCAA, na haioni aibu kukuonyesha. Ukipanda ya rafiki na kukatokea kitu bima inaruka pembeni, na familia inabaki na matanga na madeni.

mtoto_wa_Kiegeani

Mimi ni wa Mafia kabisa. Mnazungumzia chata kana kwamba hakuna ndege nyingine. Mbona Caravan za ratiba zinakuja Kilindoni, kampuni ya Auric wanakuja na unalipia kiti chako tu? Mtu wa zamu na wenye maduka wakapande hiyo. Uwanja uko mjini pale pale, ukishuka unatembea kwa miguu mpaka sokoni.

Na boti msiidharau, MV Kilindoni ni meli sio ile mitumbwi ya zamani ya kutoka Nyamisati, watu wanalala humo. Ila kwa bibi wa miaka 78 mwezi wa sita na kusi ile, ntanyamaza.

Kingine mnajidanganya na hii habari ya kuja na kurudi siku moja. Harusi ya kwetu nani kawaambia inaisha saa 10? Ndoa baada ya adhuhuri itafungwa saa 8 au saa 9, chakula, kumtoa bi harusi, nyimbo, hapo rubani ameshaangalia saa mara kumi.

Opsi_Mstaafu

Mtoto wa Kiegeani hapo umepiga penyewe. Na rubani hataangalia tu, ataondoka. Caravan nyingi zinafanya kazi za mchana, wanaruka kwa kuangalia kwa macho, kwahiyo kwenye mkataba kuna saa ya mwisho ya kuondoka. Muulize opereta saa hiyo ni ipi, andika kwa wino mwekundu, kisha mwambie MC saa moja pungufu. Mkichelewa mnalala, na ndege ikilala mnalipia marubani kulala na kula, pamoja na siku ya pili.

Sasa uzito. Caravan inaruhusiwa kuondoka ikiwa na kama kilo 3,970, kila kitu ndani. Ndege yenyewe na viti vyake ni kama 2,250, inategemea ipi. Marubani wawili weka 170. Mafuta inakunywa kama lita 200 kwa saa, na kwa safari hii rubani atabeba ya kwenda, ya kurudi na ya akiba, tuseme kilo 350. Imebaki kilo 1,200. Watu 12 wa kilo 80 wenye begi la kilo 15 kila mmoja ni kilo 1,140. Umebakiwa na kilo 60, na nyinyi mnaenda kwenye harusi! Sanduku la bi harusi, zawadi, sijui jiko la gesi, godoro nimeshawahi kuliona. Vitu vizito tangulizeni kwa meli Alhamisi. Mabegi yawe laini, yale ya plastiki ngumu hayaingii kwenye kile kichumba cha mizigo cha tumboni mwa ndege.

Ndio maana mtu akikuambia Caravan inabeba watu 12 muulize mpaka wapi. Mpaka Mafia sawa. Mpaka Kigoma, saa tatu na nusu na zaidi, mafuta yanakula viti, mtabaki 8 au 9.

Na bibi mwandae: mlango wa abiria uko nyuma, ngazi yake nyembamba, ndani huwezi kusimama wima, na choo hakuna. Mtu mmoja mwenye nguvu awe nyuma yake anapopanda. Mkalisheni kiti cha nyuma karibu na mlango asije akapita katikati ya viti ameinama.

mama_Zuu

Jamani mimi nilikuwa nacheka ila sasa najifunza. Lakini swali langu kwa mtoa mada, umeshapiga hesabu ya kulala? Watu 12 usiku mmoja Mafia gesti, chakula cha usiku na cha asubuhi, ukijumlisha na tiketi za ratiba, tofauti na chata inaweza isiwe kubwa kama baba mdogo anavyofikiri. Ulimbukeni ni kufanya bila kupiga hesabu. Sisi mwaka juzi msiba wa Kilwa tulipanda Coaster mbili, tulifika tumechoka hata kulia hatuwezi.

Kibosile_Mtarajiwa

Haya nimesoma, narudisha maneno yangu nusu. Nusu nabaki nayo.

mjukuu_wa_bibi

Wakuu asanteni sana, Mungu awabariki, hasa wa opsi. Naleta mrejesho.

Nimebandika hesabu zenu kwenye grupu, nikasema kila mtu atume hela kwanza. Kati ya watu 12 waliokuwa wanapiga makofi wametuma 7. Kwa 7 chata haiingii akilini, kwahiyo wazo la kwenda na kurudi siku moja limekufa lenyewe, hata hatukugombana. Vijana wanne tunaenda kwa meli Alhamisi na mizigo yote, godoro likiwemo (ndio, lipo). Wazee na bibi tumewakatia Caravan ya ratiba Ijumaa, wanalala kwa wakwe. Wa zamu anabadilishana na mwenzake, kumbe ilikuwa inawezekana muda wote ila hakutaka kuomba.

Kilichobaki ni kwamba kwenye kukata tiketi tumeambiwa abiria wanapimwa uzito uwanjani, na shangazi mkubwa amesema yeye kilo zake hazisomwi mbele za watu, bora abaki Mbagala.

Opsi_Mstaafu

Mwambie apande kwenye mzani ameshika pochi na begi lake. Ndivyo tunavyowapima wote, namba inasomeka moja, na yeye atasema ni begi.