Tiba ya sauti mtandaoni: mnapokea hela zetu kabla hamjajua koo lina nini!

Wakuu salaam. Nitaandika ndefu kwa sababu kuongea siwezi, na ndiyo maana uzi huu upo. Wale wa "fupisha mkuu" mniache leo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Mbinga huku, darasa la kwanza. Walimu wenzangu wanajua maana yake. Watoto zaidi ya mia chumba kimoja, juu bati tupu, na mvua ya huku ikishuka hakuna somo tena, ni mwalimu kushindana na paa. "Ba, be, bi, bo, bu" tangu asubuhi. Ukiwa wa zamu, mstarini unapiga kelele kabla hata ya kuanza kupiga kelele darasani. Sauti ikaanza kukwaruza, ikawa inakatika mchana, mwisho ikawa asubuhi tu ndiyo ipo ipo. Tangawizi, limao, asali, kitunguu saumu, kila jirani na dawa yake. Nikipiga simu huduma kwa wateja naitikiwa "karibu kaka, nikusaidie nini?" Mimi ni mama wa watoto watatu jamani.

Ndipo nikakutana na hao watu. Siwataji jina, wenyewe wanajijua, na wengi wenu tangazo lao mmeliona: "Rudisha sauti yako ukiwa nyumbani kwako." Picha ya dada ameshika shingo, pembeni vyeti. Laki tatu na themanini kwa kifurushi, lipa kwa simu, ofa inaisha leo usiku. (Ofa hiyo hadi leo inaisha leo usiku.) Kwa mtu wa wilayani hili jambo lina akili. Mtaalamu wa tiba ya sauti huku hayupo, daktari wa masikio, pua na koo mpaka upande basi, ulale mji wa watu, uombe ruhusa kwa mwalimu mkuu. Kutibiwa kwa simu ukiwa sebuleni kwako ni neema. Nikalipa.

Sasa sikilizeni fomu waliyonitumia. Jina, namba ya simu, kazi, na "lengo lako la sauti ni lipi?" Basi. Hawakuuliza tatizo lina muda gani. Kama navuta sigara hawakuuliza. Kama nakohoa, kama nimepungua uzito, kama nimewahi kupasuliwa goita, kama chakula kinakwama nikimeza, hakuna. Hakuna aliyeuliza "koo lako limetazamwa na daktari?" Siku inayofuata nikapewa ratiba ya mazoezi.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo, na naomba niieleze vizuri. Sauti ya kukwaruza ni dalili tu. Nyuzi za sauti za mwanamke akiongea zinagongana kama mara 200 kwa sekunde, na chochote kikizizuia kukutana sawasawa utasikia mkwaruzo uleule. Inaweza kuwa vinundu vya walimu na waimbaji, ambavyo mazoezi huviondoa mara nyingi bila kisu. Inaweza kuwa polipu, yaani kinyama laini kinachoota kwenye uzi wa sauti. Inaweza kuwa asidi inayopanda kutoka tumboni, au neva iliyoguswa kwenye upasuaji wa goita ukaacha uzi mmoja umelala. Inaweza kuwa virusi vya HPV vinavyootesha vinyama kwenye zoloto, yaani sehemu ya koo zilipo nyuzi za sauti. Inaweza kuwa kifua kikuu cha zoloto, na hapo unaambukiza darasa zima ukiwa unapuliza mrija kwenye chupa ya maji, moja ya mazoezi ya tiba hii. Inaweza kuwa saratani. Kwa sikio, kupitia simu yenye mtandao wa kusuasua, hakuna binadamu anayeweza kutofautisha hivyo vyote. Hayupo. Hata profesa.

Na si jambo jipya hili. Mwaka 1854 mwalimu wa kuimba, Manuel García, alitumia vioo na mwanga wa jua akaziona nyuzi zake mwenyewe zikifanya kazi. Mwalimu wa kuimba, si daktari, na miaka hiyo ya kina bibi wa bibi zetu. Leo kuna kamera nyembamba inapitishwa puani, dakika chache umemaliza, halafu mtu ananiuzia tiba bila kuuliza hata kama nimewahi kuisikia. Mwongozo wa madaktari wa koo wa Marekani wa 2018 umenyooka: sauti isiporudi ndani ya wiki 4, zoloto litazamwe, na litazamwe KABLA mgonjwa hajaandikiwa tiba ya sauti, majibu apelekewe huyo mtaalamu wa tiba. Uingereza mtu wa miaka 45 na kuendelea mwenye mkwaruzo usioisha wala kueleweka anapelekwa haraka kuchunguzwa saratani. Mimi 45 nimeshaivuka. Kwenye fomu yao umri haukuwemo.

Twende kwenye vipindi vyenyewe. Video, sauti inakwenda na kurudi. Mhudumu ananiambia, "Vuta pumzi mpendwa, sema aaa, shikilia." Nashikilia. Baada ya muda mfupi: "Umekatika mpendwa, rudia, tumia tumbo." Narudia. "Bado unakatika, jikaze." Najikaza hadi machozi. Mwanangu wa kidato cha pili yuko mezani anafanya hesabu zake, ananiambia, "Mama, mbona hukatiki? Nakusikia mpaka mwisho." Tukajirekodi kwa simu nyingine. Kweli sikatiki! Kumbe hizi programu za mikutano zimetengenezwa kufuta kelele za feni na jenereta, na sauti iliyonyooka ya "aaaa" kwao ni feni. Zinaifuta. Halafu zinapandisha zenyewe sauti ndogo na kushusha kubwa, kwa hiyo anayesema "leo una nguvu kuliko jana" anapima simu, hanipimi mimi. Kuna sehemu kwenye mipangilio unazima huo usafishaji, au mgonjwa anajirekodi upande wake anakutumia faili. Ni hilo tu. Mtu anayeishi kwa kutibu sauti kwa mtandao halijui hilo, na mimi mgonjwa wa koo naambiwa nijikaze!

Halafu sentensi za mazoezi, zote za Kiingereza. Zile za kuvumisha midomo, zenye herufi m nyingi. Kiswahili hiki chenye mama, mimi, mamba, mnyama, embe na maembe, mtu ameshindwa kutunga sentensi moja? "Mama Mwema amemenya maembe mengi" niliitunga mwenyewe jikoni, na midomo inavuma vizuri tu.

Naomba nisieleweke vibaya, maana najua watakuja hapa kusema mwalimu anapinga teknolojia. Tiba yenyewe ni ya kweli. Kupuliza mrija huku unavumisha sauti kwenye chupa yenye maji nusu ni kitu kilichofanyiwa utafiti: msukumo wa hewa unarudi nyuma, nyuzi zinatanuka kidogo, zinagongana kwa upole badala ya kupigana makofi. Wafini, watu wa Finland, wanatumia neli za vioo tangu miaka ya 1960, Ingo Titze, mwanasayansi wa sauti wa Marekani, akaupa mrija wa kawaida umaarufu. Na mtandaoni pia inafanya kazi. Kuna tiba ya sauti ya wagonjwa wa Parkinson (ule ugonjwa wa ubongo wa kutetemeka) inaitwa LSVT, vipindi 16 ndani ya wiki 4, wataalamu wa Queensland huko Australia walipoijaribu kwa njia ya mtandao matokeo hayakuwa chini ya ana kwa ana. Ila wale walijua wanamtibu nani na ana ugonjwa gani, na vipimo vya sauti walivifanya kwa vifaa vyao. Wangu walijua namba yangu ya simu.

Wataalamu wa kusomea wapo pia, tusidanganyane. Makerere pale Kampala wanafundisha shahada ya tiba ya usemi na lugha tangu 2008. Wachache, ndiyo, lakini wapo. Vile vyeti vya kwenye tangazo nilivikuza picha nikavisoma: kozi za ukufunzi wa kuimba. Mwalimu wa kwaya mzuri ni hazina, mimi mwenyewe naimba sauti ya pili kanisani (nilikuwa naimba), lakini mwalimu wa kwaya hatibu koo ambalo hakuna aliyelitazama.

Likizo ilipofika nikapanda basi hadi hospitali ya rufaa. Daktari akapitisha kamera puani, kunasisimua kidogo lakini hakuumi, akanigeuzia skrini. Polipu, upande mmoja, nyekundu, imekaa pale pale nyuzi zinapokutana. Akasema hii inawezekana ilianza siku moja ya kupiga kelele sana, kamshipa kakapasuka. Ya ukubwa huu mazoezi peke yake hayaitoi. Inatolewa kwa upasuaji mdogo, halafu ndipo mazoezi, na hayo mazoezi hata kwa mtandao yatafaa. Halafu akaniuliza, "Mwalimu, huku kujikaza ulikuwa unafundishwa na nani?"

Nikawaandikia warudishe hela. Jibu, nanukuu kama lilivyo, na alama za mikono ya kuomba nimeziondoa: "Mpendwa mteja, kwa mujibu wa vigezo na masharti, mteja aliyeacha mazoezi njiani hana haki ya kurejeshewa. Pia sauti inahitaji imani." Imani! Polipu inahitaji kukatwa, bibie.

Kitu kingine kinachoniuma ni kwamba dawa ya nusu ya walimu nchi hii ingeanzia kwenye kitu wanachovaa wauza viatu wa Kariakoo: kimaiki cha kichwani na spika ndogo kiunoni. Marekani walishawapima walimu wenye matatizo ya sauti, Nelson Roy na wenzake, 2002. Waliopewa vipaza sauti walipata nafuu ya wazi, waliopewa mafunzo tu ya "kunywa maji, usipige kelele" hawakupata nafuu ya maana. Kifurushi changu nusu yake kilikuwa kunywa maji na kutopiga kelele. Usipige kelele, darasa la watoto mia! Kwa laki tatu na themanini ningenunua vimaiki nikawagawia na wenzangu wa la pili.

Kwa hiyo nyie mnaouza hii huduma, nawauliza hapa hadharani. Kwa nini hamumwambii mteja alete kwanza majibu ya daktari wa koo? Mnaogopa atakuta hahitaji kifurushi? Anayeendesha kipindi amesomea nini, wapi? Na mgonjwa wa TB ya koo akiingia kwenye fomu yenu ile, nani atamgundua?

NYONGEZA: Naona mnauliza. Aliyesema mama yake amekwaruza tangu Pasaka na anavuta ugoro, mkuu acha kusoma uzi, mpeleke mama hospitali wiki hii. Aliyeuliza kuhusu kunong'ona ili kupumzisha sauti: daktari alinikataza, kunong'ona kwa nguvu nako kunazikaza nyuzi, bora uongee taratibu kwa sauti ndogo au unyamaze kabisa. Kusafisha koo "ehem ehem" kila dakika nako aliniambia niache, ninywe funda la maji. Vidonge vya kumung'unya vyenye ubaridi mkali vinakausha. Upasuaji nimepangiwa, bima inalipa sehemu, iliyobaki nahangaika nayo, na ndiyo maana ile laki tatu na themanini naidai kwa meno.

NYONGEZA 2: Msimamizi wa ukurasa wao yumo humu, ameshanifuata inboksi anataka "tuyamalize kiutu uzima". Hela mlipokea kwa uwazi, ujumbe wa muamala ninao. Njoo ujibu hapa hapa kwenye uzi, maswali ni yale ya juu.