Je, kura inaweza kuzuia utoroshaji wa fedha?

Mdadisi:
Ndugu zangu, kuna jambo linanitatiza. Tunaambiwa kwamba demokrasia ndiyo dawa ya rushwa, na ni kweli kwamba Mobutu wa Zaire, Marcos wa Ufilipino na Abacha wa Nigeria walihamishia mali ya nchi zao ughaibuni pasipo bunge la kuwahoji. Lakini Msumbiji imekuwa na uchaguzi wa vyama vingi tangu 1994, na bado mwaka 2013 na 2014 kampuni tatu za serikali zilikopa takribani dola bilioni 2, sehemu kubwa kwa siri. Je, demokrasia ilipungua, au haifiki kabisa pale fedha zinapopenyea?

Mkaguzi wa Hesabu:
Haikufika. Serikali iliidhamini mikopo ile bila kuipeleka bungeni, kinyume cha sheria, na fedha zenyewe hazikupita Maputo, kwa kuwa benki zilimlipa moja kwa moja mkandarasi wa nje aliyepaswa kuleta meli, zikiwemo za kuvulia jodari. Mbunge angehoji nini wakati hakuna hata karatasi iliyofika mezani kwake? Wakaguzi walioajiriwa baadaye walitoa ripoti mwaka 2017 wakisema kuwa dola milioni 500 hazikuwa na maelezo ya kuridhisha.

Afisa Forodha Mstaafu:
Tusiishie kwa wanasiasa. Jopo lililoongozwa na Thabo Mbeki, rais mstaafu wa Afrika Kusini, lilikadiria mwaka 2015 kwamba Afrika hupoteza zaidi ya dola bilioni 50 kwa mwaka kwa njia haramu, na likaonyesha kuwa sehemu kubwa zaidi hutokana na biashara. Kampuni huuza madini kwa kampuni dada iliyosajiliwa kwenye nchi ya kodi ndogo, kwa bei ya chini, kisha kampuni dada huyauza kwa bei halisi na faida hubaki huko. Ankara imegongwa mhuri, ushuru uliotajwa umelipwa, na afisa wa bandarini hana bei ya kulinganishia. Hapo hakuna hata bahasha iliyotolewa.

Mwanasheria:
Nakubaliana nanyi, ila msiidharau kura. Nchini Malaysia, Mwanasheria Mkuu alisema Januari 2016 kwamba Najib Razak, waziri mkuu wa wakati huo, hakuwa na kosa katika sakata la wizi wa fedha za mfuko wa serikali wa 1MDB. Muungano wake wa vyama uliotawala tangu uhuru wa 1957 uliposhindwa Mei 2018, alishtakiwa, na mwaka 2020 akahukumiwa. Kura ilifungua mafaili, ingawa fedha zilikuwa zimekwisha kuondoka.

Kinachonikera mimi ni kwamba wapokeaji nao ni nchi za kidemokrasia. Abacha alifariki mwaka 1998, na bado makubaliano ya kurejesha dola milioni 322 kutoka Uswisi yalitiwa saini Desemba 2017. Kwa hiyo, Ndugu Mdadisi, swali lako ungewauliza pia wapiga kura wa Geneva na London, ambao wabunge wao ndio wanaoamua iwapo mmiliki halisi wa kampuni atajwe hadharani au afichwe.