Kivinjari kimejisasisha bila ruhusa, kimemaliza bando na kuvuruga kazi dukani

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Ninaandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha.

Nina duka dogo la steshenari hapa Wete, Pemba, lenye kompyuta mbili, printa moja na modemu ninayoitilia bando kila wiki. Wateja wangu wengi ni vijana waliomaliza skuli, ambao huja kujaza maombi ya vyuo na ya mikopo. Jumatatu asubuhi nilifungua kivinjari nikakuta kimevaa sura nyengine kabisa: vichupo vya kurasa nilizozifungua (tab), vilivyokuwa juu, vimehamia ubavuni, amri ya kuchapisha imezikwa ndani ya menyu, na upande wa kulia pamechomoza kidirisha cha msaidizi wa akili mnemba kinachotaka kunifupishia kila ukurasa ninaoufungua. Sikuulizwa lolote.

Kabla ya adhuhuri bando likakata. Nilipopekua folda za kivinjari nilikuta faili moja la karibu gigabaiti 4, nalo ni la huyo msaidizi, limeshushwa kimyakimya wakati sisi tunafanya kazi. Bando langu la wiki nzima ni gigabaiti 10. Nilikuwa nimekwisha kuiarifu Windows kwamba muunganisho wangu ni wa kupimwa, ili programu zisishushe vitu vikubwa ovyo, lakini kivinjari hakikujali. Binti aliyetoka Konde kuja kukamilisha maombi yake alikaa kwenye benchi hadi alasiri akinisubiri nitafute fedha za bando jengine, na mimi sikuwa na uso wa kumtazama.

Lililoniuma zaidi ni la kijana ninayefanya naye kazi. Nilimfundisha kwa miezi miwili, na kama wengi wanaoanza kompyuta ukubwani, yeye hasomi menyu za Kiingereza, bali anakumbuka mahali: bonyeza pale juu, shuka mstari wa tatu, hapo utachapisha. Sasa mistari imepangwa upya na ujuzi wake wote umefutwa kwa usiku mmoja. Jumatatu hiyo alichapisha kurasa tupu mara mbili mbele ya wateja, akaona aibu isiyokuwa yake.

Naomba asije mtu hapa akaniambia nizime masasisho. Kompyuta zangu zinatumiwa na watu wengi wanaoandika humo nywila na namba zao za mitihani, na kivinjari kisichozibwa matundu ya usalama ni mlango wazi kwa wezi. Hapo ndipo ninapoona dhuluma hasa: marekebisho ya usalama, ambayo hakuna mwenye akili atakayeyakataa, yanafungwa furushi moja na mapambo na bidhaa mpya, ili anayehitaji la kwanza alazimike kubeba la pili. Na furushi hilo halikawii, kwani kivinjari cha Firefox kilihamia utaratibu wa toleo jipya kila wiki nne mwaka 2020, na vyenzake Chrome na Edge vikafuata mwaka 2021. Nilijaribu kurudisha toleo la zamani, lakini likakataa kuzisoma alamisho zangu (anwani za kurasa nilizozihifadhi) zilizokwisha kuguswa na toleo jipya.

Kuyatenganisha mambo hayo mawili kunawezekana, kwa sababu tayari kunafanyika. Firefox ina toleo liitwalo ESR, ambalo hupata marekebisho ya usalama kwa takriban mwaka mmoja bila kubadilishwa sura kila mwezi, na lilitengenezwa kwa ajili ya mashirika na skuli. Kwa nini mwenye duka, ambaye ndiye asiye na fundi wa kumwita, asielezwe kwamba kitu kama hicho kipo? Kuhamahama baina ya vivinjari vyengine vingi nako si dawa, maana Chrome, Edge, Opera na Brave zote zimejengwa juu ya msingi mmoja wa programu uitwao Chromium, na linaloingizwa kwenye msingi huo huweza kuzifikia zote.

Ninachodai ni kuulizwa kabla ya kushushiwa faili linalozidi, tuseme, megabaiti 200, na kupewa kitufe kimoja cha kubakisha mpangilio wa zamani. Aliyewahi kuitumia ESR kwenye kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 4, awe Chake, Mkoani au Unguja, anieleze kama inahimili kurasa za maombi, kwa sababu Jumamosi nataka kuziweka upya kompyuta zote mbili.