Chuo cha umma kumzuia mgombea wa chama kidogo asiingie kwenye mdahalo, hii ni sawa kweli?

Mkilosa:
Wakuu habari zenu. Mimi niko Marekani nasoma masters kwenye chuo cha serikali cha jimbo moja, jina naliacha. Juzi hapa chuo kilikuwa mwenyeji wa mdahalo wa wagombea ugavana, nikajiandikisha kujitolea, wakanipa fulana na kazi ya kukagua majina mlango wa pembeni. Walioalikwa ni wawili tu, wa Republican na wa Democrat. Kumbe kuna wa tatu, wa Libertarian, mama mmoja wa makamo, na kwenye karatasi ya kura yumo kabisa maana saini zote zinazotakiwa alishakusanya.

Saa moja kabla ya kuanza akaja mlangoni kwangu ameshika sampuli ya karatasi ya kura ameikunja mara nne, akaikunjua taratibu juu ya meza yangu, akaweka kidole kwenye jina lake, akaniuliza kwa upole tu mbona kwenye orodha yangu halipo. Sikuwa na jibu wakuu. Askari wa chuo akaja akamwambia avuke barabara, akaenda kusimama kule karibu na paking, mvua inanyesha, mpaka mdahalo unaisha bado namuona pale.

Imeniuma kwa sababu ule ukumbi ni kodi ya watu, na yeye ni mlipakodi wa hilo jimbo. Sababu waliyotoa ni kwamba kwenye kura za maoni hajafikisha asilimia 10. Wanaojua sheria za huku naomba mnisaidie, chuo cha umma kinaruhusiwa kufanya hivi? Na nyie mnaonaje?

Wakili_Kigoma:
Pole mkuu. Kisheria wanaruhusiwa, na kesi inayowalinda ni ya Arkansas. Mwaka 1992 kuna mgombea binafsi wa ubunge anaitwa Ralph Forbes, televisheni ya umma ya jimbo ikaandaa mdahalo ikamuacha, akashtaki, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, na 1998 majaji 6 kwa 3 wakasema mdahalo wa namna hiyo sio kiwanja cha wazi ambacho kila mwenye kutaka anaingia, mwandaaji anaweza kuchagua mradi tu asimtoe mtu kwa kuchukia maoni yake. Kwahiyo chuo kikisema "tumemuacha kwa sababu hana wafuasi" kimepona, kikisema "tumemuacha kwa anayoyasema" hapo ndipo unaenda mahakamani.

Alafu kuna jambo lingine watu hawaliangalii, mara nyingi chuo sio mwandaaji, kinatoa ukumbi tu. Midahalo ya urais kwa mfano ilikuwa inaandaliwa na Tume iliyoundwa 1987 na wenyeviti wa vyama viwili vikubwa wenyewe. Kabla yake walikuwa akina mama wa League of Women Voters, hao walijitoa 1988 wakisema wazi hawatashiriki kuwahadaa wapiga kura. Na ile Tume ndiyo ilileta kigezo cha asilimia 15 mwaka 2000. Mwaka huohuo, Oktoba 3, kwenye chuo cha umma cha Massachusetts pale Boston, Ralph Nader, mgombea urais wa chama kidogo cha Green, alikuja na tiketi mkononi, na sio tiketi ya kupanda jukwaani, ni ya kukaa ukumbi mwingine aangalie kwenye skrini kama wanafunzi wengine, akarudishwa. Alishtaki, baadaye wakamuomba radhi.

Fundi Saa:
Mimi napingana kidogo. Huruma nzuri lakini lazima pawe na mstari. California 2003 walipompigia kura gavana wao kumtoa, wagombea wa kumrithi kwenye karatasi walikuwa 135. Sasa hao wote uwape dakika mbili mbili mdahalo unaisha lini? Kuwa kwenye karatasi ya kura peke yake hakutoshi.

Bi Rehema:
Kaka Fundi Saa huo mfano wako naupenda kwa sababu ndio unaokujibu. Mdahalo mkubwa wa uchaguzi huo ulifanyika kwenye chuo cha umma, cha Sacramento, Septemba 2003, na waliopanda jukwaani walikuwa watano. Kati yao alikuwemo Peter Camejo wa Green na Arianna Huffington ambaye hakuwa na chama. Watano, sio wawili wala sio 135, na mambo yalikwenda. Mstari nakubali uwepo, shida ni unauchora wapi.

Tena hizi asilimia zina kasoro kubwa, mtu atapendwaje na watu ambao hawajamsikia? Jesse Ventura Minnesota 1998 alikuwa kwenye kama asilimia 10, wakamruhusu kwenye midahalo, akashinda ugavana kwa 37. Ungemuwekea 15 angekuwa kule kwenye mvua na yule mama. Na Ross Perot, mgombea binafsi wa urais 1992, kabla ya midahalo alikuwa chini ya 10, akaingia yote mitatu, mmoja ulikuwa chuo cha umma cha Michigan State, akamaliza na karibu 19.

Otieno wa Milimani:
Hata kwetu Kenya tumeona hii. 2013 Paul Muite na Mohamed Abduba Dida walikuwa wameachwa nje ya mdahalo wa urais, Muite akaenda kortini, mwisho wote wakaingizwa, wakawa wanane pale shule ya Brookhouse Nairobi. Dida alikuwa mwalimu, hakuna aliyemjua, lakini usiku ule kila nyumba ilikuwa inamuongelea, na kura zilipohesabiwa alipata zaidi ya elfu 52, akampita hata Martha Karua aliyekuwa waziri wa haki. Hakushinda, sawa, lakini watu walimsikia wakaamua wenyewe. Halafu 2022 wakaweka mstari wa asilimia 5, wadogo kivyao na wakubwa kivyao, Wajackoyah akafika akakataa akaondoka, Raila hakuja, Ruto akasimama peke yake dakika tisini. Kumtenga mdogo hakukutupa mdahalo bora hata kidogo.

Mkilosa, usigombane na korti, nenda kwa wanaopanga hiyo mikataba ya ukumbi hapo chuoni.

Mkilosa:
Asanteni sana wakuu, nimesoma zote mara mbili. Otieno umenifungua macho. Nimeulizia, kumbe serikali ya wanafunzi ina kiti kwenye kamati ya kumbi, nimeomba dakika tano kwenye kikao cha Alhamisi. Nitakachoomba ni hiki, mtu akitaka ukumbi wetu kwa mdahalo wa wagombea basi kila aliye kwenye karatasi ya kura aalikwe, wakizidi watano ndio kiangaliwe kigezo kingine, na kigezo hicho kitangazwe miezi mitatu kabla, sio wiki ya mwisho. Bi Rehema kama una zaidi kuhusu ule wa Sacramento nitumie PM leo au kesho.

Yule mama nilimuandikia, amesema atakuja kukaa nyuma asikilize. Kikao ni cha wazi, mlangoni hakuna orodha. Nitaleta mrejesho Ijumaa.