Uso wa ufa wa graniti: alama za kuvutwa na za kukwaruzwa pamoja?

Kokoto77
Wakuu, nina diski za graniti ya Mwanza, kipenyo mm 54, unene mm 27, zilizopasuliwa kwa jaribio la Brazil (diski hubanwa ukingoni hadi ipasuke katikati kwa kuvutwa). Kwenye darubini ya elektroni, vipande vingine vina ngazi safi, vingine vimejaa unga na mikwaruzo. Jaribio ni lile lile, mbona nyuso mbili?

Mwambani
Vipande umevitoa sehemu gani ya diski? Mvutano hutawala katikati. Pale taya za mashine zinapogusa, mwamba husagwa, na unga wako unatoka huko. Chukua kipande cha mm 10 karibu na kitovu, weka alama upande uliobeba mzigo, na uso wa ufa usiguswe hata kwa kidole.

Kisha soma kila madini peke yake. Kwatzi haina bamba la kupasukia, huvunjika kama chupa, kwa mikunjo ya mviringo. Feldspa huacha ngazi na mistari inayoungana kama vijito. Inakoungana ndiko ufa ulikokuwa ukielekea. Ulanga hufunuka kurasa kurasa, na hapa wengi hukosea: wakiona uso laini huandika "mteleze", yaani nyuso mbili zimesuguana kwa kuteleza. Ulanga ni laini hata ukivutwa! Mteleze wa kweli una mikwaruzo sambamba inayovuka punje hadi punje bila kugeuka, na unga ulioshindiliwa ndani yake.

Lenzi
Unga upulize kwa hewa kavu tu. Ukiosha kwa mawimbi ya sauti unafuta ushahidi. Picha ikiwaka weupe na kuhamahama, hiyo ni chaji ya umeme iliyojikusanya juu ya kipande: paka dhahabu nanomita 10 hivi, au shusha nguvu ya mwale wa elektroni kutoka kilovolti (kV) 15 hadi 5.

Kokoto77
Asanteni. Na silinda za jaribio la mgandamizo, zinazokandamizwa kutoka juu hadi zivunjike?

Mwambani
Hizo ndizo ngumu. Bila shinikizo la pembeni, ufa mdogo uliolala mshazari huteleza, ncha zake zikaota mabawa yanayojipinda kufuata mhimili wa mzigo. Mabawa hayo hufunguka kwa mvutano, ingawa mashine inakandamiza. Ukiongeza shinikizo la pembeni yanabanwa, na mpasuko wa mshazari unashika usukani. Kwa hiyo silinda moja kubeba alama zote mbili si kasoro ya jaribio.

Kasoro ni kuiacha mashine iendelee baada ya mzigo kuporomoka: nyuso husagana, na mikwaruzo unayopiga picha ni ya baada ya kuvunjika. Zima mara moja.